Wiki Moja na Baiskeli ya Umeme: Karura, Tigoni, Ngong

Ijumaa jioni

Binamu yangu amefika Ruaka saa moja kasoro, baiskeli imelala kwa buti ya gari, gurudumu la mbele limetolewa, na kabla hata hatujasalimiana vizuri akaniambia usiinue peke yako. Nikadhani ni mzaha. Niliinua peke yangu na mgongo ukanijibu papo hapo.

Stori ni hivi. Alikuwa Marekani miaka kadhaa, akanunua hii kitu huko, vile alirudi nyumbani akaitupa kwa kontena pamoja na vitanda na masufuria, na saa hizi magoti yamekataa. Anataka bob 140,000. Mi nkamwambia sinunui punda kwa kuangalia picha, akasema sawa, nikae nayo wiki nzima (mi niko na likizo), niende nayo kokote nnapotaka, nikiridhika nilipe, nisiporidhika nirudishe ikiwa imeoshwa. Jina la kampuni sitataja, ni moja ya zile za bei nafuu ambazo zinauzwa moja kwa moja kwa mteja bila duka.

Fremu ni alumini ya 6061, ile aloi ya magnesi na silikoni ambayo baiskeli nyingi za bei ya kawaida zinatengenezwa nayo. Welding ziko nje nje kama mshono wa gunia, hakuna mtu alijisumbua kuzilainisha, lakini nimeziangalia na tochi moja moja na ni nono na zimefanana, na kwangu hiyo ni muhimu kuliko urembo. Mota ya wati 500 iko ndani ya gurudumu la nyuma. Betri volti 48, Ah 13 (ampea-saa, yaani ukubwa wa tanki lake). Shokapu ziko mbele tu. Breki ni za diski lakini za kuvutwa na waya. Kioo chake bado kinahesabu maili, na chaja iko na zile meno bapa za Marekani so ilibidi nitafute adapta.

Jirani yangu wa chini anauza viazi. Tukaitundika kwa mzani wake wa gunia: kilo 26 na nusu. Mi naishi ghorofa ya nne na lifti hakuna.

Jumamosi, Karura

Nmetoka saa kumi na mbili na nusu, baridi ya Julai ile ya kufanya macho yatoe machozi. Kutoka Ruaka ni mteremko karibu wote, Limuru Road mpaka geti kubwa la msitu, na hapo hata mota sikuiwasha, nilitaka kwanza nione ni baiskeli ya aina gani ikiwa imelala. Jibu: nzito, lakini haikwami. Mota yake ina klachi ya upande mmoja so usipoiwasha haikuvuti nyuma.

Getini askari akaizunguka mara mbili. Akagonga betri na kidole. "Hii si nduthi wewe?" Nkamwambia afande, si pikipiki, angalia hizi pedali, nisipokanyaga haiendi. (Iko na kile kitufe cha kidole gumba cha kuenda bila kukanyaga, lakini hakuuliza, na mi ndani ya msitu sikukigusa, naapa.) Akacheka, nikalipa kwa simu, nikaingia.

Kwa wale hawajui Karura, ni karibu hekta 1,041 za msitu katikati ya jiji la Nairobi, na kama si Wangari Maathai na wenzake kupigwa hapo mwaka wa 1999 wakipinga ardhi kugawanywa, saa hizi tungekuwa tunaendesha baiskeli kati ya magorofa. Njia ni udongo mwekundu, mizizi, vijito, na makutano yana nguzo za namba so ukipotea unapotea na adabu. Watembeaji wanapishwa. Hiyo baiskeli ya kilo 26 inakufanya uheshimu hiyo sheria hata kama hukuwa umepanga.

Sasa kitu cha kwanza nlijifunza. Hii mota haijui unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Karibu na pedali kuna kisahani chenye sumaku ndogo ndogo, kazi yake ni kuambia mota "anazungusha" au "hazungushi", basi. Zile baiskeli za bei ya juu zina kipimo cha kusikia mguu wenyewe unakaza vipi, ukikaza kidogo inakupa kidogo. Hii ni ndio au hapana. Kwa barabara ni sawa kabisa, hata ni tamu. Kwa njia nyembamba yenye kona na mizizi, manze. Unaanza kukanyaga, nusu mzunguko hakuna kitu, halafu ghafla unasukumwa kama mtu amekupiga mgongoni saa ile uko katikati ya kona, na ukiacha kukanyaga bado inasukuma kidogo. Mara ya kwanza nliingia kwa kichaka, na kulikuwa na kima wawili juu ya mti wakiangalia, sitasahau vile walinitazama.

Mpaka saa mbili hivi nlikuwa nimepata dawa yake. Unashika breki ya nyuma na kidole kimoja, kidogo tu, kwa sababu mkono wa breki una swichi inayokata mota. So kwenye kona unaendesha na kidole kama mtu anapiga filimbi. Na msaada wa mota unauweka namba moja kati ya tano. Namba tatu kwenda juu ni ya lami.

Lakini kupanda! Ile njia ya kutoka mtoni, ile ambayo kila mwaka najiambia nitaipanda bila kushuka na kila mwaka nashuka, nimeipanda nikiongea. Kuna vijana wawili wa baiskeli za kukodisha walikuwa wanasukuma za kwao, nkawasalimia vizuri kabisa bila kuhema, nkajiskia vibaya kidogo baadaye. Kidogo.

Shokapu sasa. Ni springi ya chuma na hakuna kitu ndani cha kuipunguza kasi ya kurudi, inarudi kama mlango wa springi wa hoteli ndogo, ukipita mizizi mitatu mfululizo ule wa tatu mikono inarushwa. Kwa mwendo wa Karura inavumilika. Nimeandika kwa simu: ANGALIA NGONG.

Kilomita 31 na kurudi nyumbani, betri imeshuka fito mbili tu kati ya tano.

Jumapili

Kanisa, nyama kwa shangazi, manyunyu mchana kutwa. Nmechaji. Betri ikiwa tupu kabisa ni karibu uniti 0.62, ukiongeza kinachopotea kwa chaja tuseme 0.7, na tokeni yangu inanigharimu kama bob 30 kwa uniti, so kujaza tanki ni bob 20 na kitu. Hapa Ruaka hiyo haikufikishi tao na mat hata ukibembeleza makanga vipi. Chaja ni ya ampea 2 so inataka karibu masaa saba, na feni yake inalia usiku mzima kama nzi kwa chupa.

Jumanne, Tigoni

Jumatatu sikugusa. Leo nimeamua nipande: Ndenderu, Banana, mpaka Tigoni kwenye mashamba ya chai, halafu nizame kwa zile njia za katikati ya majani. Lami mpaka juu, mwanga wa asubuhi, wachuma chai washaingia na vikapu mgongoni, ukungu umekaa kwa mabonde. Mi ni mtu wa Ruaka na bado kila nikifika huko nashangaa ni dakika ngapi tu zimepita.

Kitu kilichonitisha ni betri. Nikipanda pale kabla ya Banana ikaonyesha fito mbili, nikaanza kupiga hesabu ya kurudi, nikafika kwa tambarare ikarudi nne. Nikapanda tena, mbili. Kumbe ile alama inasoma volti tu, na mota ikivuta sana volti zinaanguka kwa muda halafu zinainuka ukipumzika, so ukitaka kujua ukweli simama dakika moja ndo uangalie. Kijitabu cha maelezo hakisemi.

Njia za chai ni nzuri kwa hii baiskeli kuliko hata Karura. Pana, udongo umeshikana, zinapanda na kushuka polepole, kona ziko wazi unaona mbele. Masaa mawili sikukumbuka kwamba nafanya utafiti.

Halafu pssss, nyuma. Mwiba wa kayaba, urefu wa kidole, mtu alikuwa amekata ua wake na matawi yakabaki njiani. Na ni gurudumu la nyuma, lenye mota. Sasa ndo ujue: gurudumu la kawaida unafungua wenzo mmoja na linatoka. Hili lina nati mbili za namba 18, waya wa mota unaopita kwa ekseli, na washa zenye jino zinazokaa kwa mpasuo wa fremu ili ekseli isizunguke mota ikivuta. Mi nlikuwa na tyubu, nlikuwa na pampu, nlikuwa na vile vifaa vidogo vya kukunja vyenye kila kitu isipokuwa spana ya 18.

Nmesukuma kilomita mbili hivi mpaka kwa maduka. Fundi wa baiskeli na nduthi chini ya mti, mzee wa kofia ya sufi, akaangalia ule waya, akaniangalia mimi.

"Kijana, hii ukikata waya nani analipa?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi shika wewe."

Nkashika. Spana ya 18 alikuwa nayo, ya nduthi. Hakutoa gurudumu kabisa, alilegeza, akavuta tairi upande mmoja, akatoa tyubu nje ikiwa bado imezunguka ekseli, akatafuta shimo kwa beseni la maji, akaweka kiraka, akarudisha. Yaani dakika 20. Mi ningekuwa hapo mpaka saa kumi. Wakati wa kurudisha zile washa alitaka kuweka jino likiangalia nje, hapo ndo nlimsaidia, tukakubaliana liingie kwa mpasuo. Ikikaa vibaya ekseli inaweza kuzunguka na kunyonga waya, na kwa alumini inakula mdomo wa fremu kabisa kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma.

Na hapo akaniambia kitu nimekuwa nikikiwaza tangu. Akagonga fremu na spana, akasikiliza. "Hii si chuma. Chuma ikivunjika nakuchomea hapa, bob mia tatu, unaenda. Hii mimi siwezi." Na ni kweli. Alumini inataka welding ya gesi ya agoni na mtu anayejua, na hata akiichoma vizuri, 6061 inapoteza nguvu pale karibu na mshono mpaka ipikwe tena kwa joto maalum kama ilivyofanywa kiwandani. Hilo tanuru halipo chini ya mti wowote Tigoni.

Aliniitisha bob 100, nkampa 200. Nikarudi nikiwa nimenyamaza, halafu pale Banana mteremko ukaanza nikasahau.

Jumatano

Nmenunua spana ya 18. Nimeosha baiskeli chini, nikaibeba juu, ghorofa ya tatu nikapumzika, mama wa hapo akafungua mlango akauliza kwani hiyo ya umeme haijipeleki?

Nilipitisha kitambaa chenye maji na sabuni kwa kila mshono nikitafuta nyufa, hasa pale shingoni na pale chini kwa pedali. Ufa ukiwepo unashika uchafu na unabaki mstari mweusi. Hakuna. Fremu safi kabisa.

Alhamisi

Stima zilipotea saa kumi na moja jioni, betri ikiwa nusu na safari ya Ngong ni kesho. Zikarudi saa sita usiku. Nliamka kuchomeka.

Ijumaa, Ngong

Jirani wa viazi alikuwa anaenda Ngong na pikapu, tukapita Western Bypass, Gitaru, tukashika Southern Bypass, baiskeli imefungwa kamba juu ya magunia kama mgonjwa. Alinishukisha karibu na geti saa mbili. Upepo. Kama hujafika huko, kilele cha juu ni karibu mita 2,460 na ukitembea mgongo wote wa vilima mpaka Corner Baridi ni kama kilomita 10, juu chini juu chini, upande mmoja Nairobi na upande mwingine Bonde la Ufa linafunguka mpaka macho yanachoka. Zile feni kubwa za umeme wa upepo zimesimama hapo mwanzoni, za kwanza mbili ziliwekwa 1993.

Nilikuwa nimepiga hesabu usiku nikingoja stima. Mimi kilo 82, baiskeli 26 na nusu, begi na maji, jumla kama 112. Kuinua hiyo mita 100 juu ni wati-saa 30, hiyo ni fizikia, huwezi kuomba punguzo. Betri iko na karibu wati-saa 620. Nikaona nina akiba kubwa.

Hesabu ilikuwa sawa, kosa langu lilikuwa joto. Mota ikiwa kwa gurudumu haipati faida ya gia zako. Mi naweza kuweka gia ya kwanza miguu yangu ipumue, lakini mota inazunguka kwa mwendo wa gurudumu, basi, na mlima ukiwa mkali unaenda kilomita 6 kwa saa na hapo mota iko mbali sana na mwendo wake inaoupenda, umeme mwingi unaoingia unageuka joto badala ya kusukuma. Zile baiskeli zenye mota katikati, pale kwa pedali, zinavuta kupitia cheni so ukipunguza gia na mota inapata nafuu. Ndo maana watu wa milima wanazilipia.

Mlima wa pili, ile kali yenye kokoto, nikaskia nguvu zinapungua pole pole halafu kimya. Nikagusa kitovu cha gurudumu, nikatoa mkono haraka. Imechemka. Betri bado ina fito tatu! Nikakaa chini ya upepo dakika 25 na mbuzi wakanipita, na nyuma yao kijana mchungaji, labda miaka kumi na mbili, akauliza "imeisha mafuta?" Nkamwambia imechoka. Akasema pole, lakini alikuwa anacheka.

Baada ya hapo nikabadilisha mbinu: sehemu kali nashuka nasukuma, ile ya kati nakanyaga kwa nguvu zangu mota ikisaidia kidogo, na kila kilele nasimama. Mbio zangu zikawa za kawaida kabisa, sikuwa nafika mapema kuliko mtu wa baiskeli ya kawaida mwenye mapafu mazuri. Kwa hivyo hapo ubora wote wa Karura umeisha.

Na kushuka ndo sasa. Mota imelala, haisaidii kushika, kilo zote hizo zinataka kufika chini kabla yako. Kokoto legevu, mifereji ya maji ya mvua za Aprili, na gurudumu la nyuma likiwa na mota ndani ni zito so likigonga jiwe linaruka na kuchelewa kurudi. Mbele shokapu zikafika mwisho, kuu! chuma kwa chuma, nikaskia mpaka kwa meno. Breki za waya zinashika vizuri dakika tano za kwanza. Halafu vidole vinaanza kuuma kwa kukaza, halafu ule mkono wa breki unaanza kukaribia usukani, kwa sababu pedi zinaisha na waya haujirekebishi wenyewe kama zile za mafuta. Nilisimama mara tatu kuzungusha kile kirekebisho cha waya kwa mkono, diski ya nyuma imebadilika rangi kuwa bluu kidogo, harufu ya pasi iliyoachwa juu ya nguo. Kipande cha mwisho kabla ya Corner Baridi nilishuka kwa miguu na sioni aibu kukisema.

Sikuanguka. Lakini hapo chini mikono ilikuwa inatetemeka nikifungua chupa ya soda, na si kwa sababu ya upepo.

Jumamosi

Binamu amepiga asubuhi, nimemwambia njoo chai.

Nimemweleza vile nimeona. Hawa waliotengeneza walikuwa na pesa kidogo na wakaiweka yote kwa betri na mota, kwa sababu hizo ndo mteja anasoma, wati ngapi, Ah ngapi. Fremu wakaifanya vizuri. Kilichobaki kikagawanywa kati ya breki na shokapu, na hakikutosha. Hutaona hilo ukipanda. Kwa Karura na Tigoni hii ni baiskeli tamu, ningekuwa nayo kila wikendi. Kwa Ngong hapana, na usidanganywe na neno la mlima lililobandikwa hapo kwa fremu.

"So badilisha breki na shokapu," akasema, kama mtu anayesema ongeza sukari.

Breki sawa, za mafuta zinaingia na diski ya mbele kubwa zaidi, nimeuliza fundi wa Westlands ninayemwamini, na swichi za kukata mota itabidi zitafutwe zinazolingana. Lakini shokapu kuna shida: shingo ya fremu ni bomba moja nyembamba juu mpaka chini, si ile inayopanuka chini kama za siku hizi, kwa hivyo shokapu nyingi nzuri zenye hewa shingo yake haiingii hapo. Za zamani ndo zinaingia, zimetumika, ukizipata. Hakujua. Hata mi Ijumaa ile hapo kwa mzani wa viazi sikujua, nimepima jana usiku na rula.

Nikamwambia 95. Akaweka kikombe chini. Akasema 130 kwa sababu ni mimi. Nikamletea ile diski ya nyuma, niliitoa asubuhi makusudi, nikaiweka mezani karibu na mandazi, akaigeuza geuza ile rangi ya bluu ikimetameta. Akauliza kama mandazi ni ya leo.

Tumeachana kwa 105, na chaja, na funguo mbili za betri ambazo moja bado anaitafuta kwa masanduku. Amenisaidia kuipandisha ghorofa ya nne. Ya tatu tulipumzika, mama akafungua mlango.